Nyumba Yetu Iko Chini

Mtu anayeumwa nyonga huulizwa kwanza mambo makubwa: kama amewahi kuanguka, kama anapanda ngazi, kama bado anaweza kutembea mwendo mrefu. Mimi nilipoulizwa hayo nilijibu bila wasiwasi, kwa sababu sikuwa nimeanguka, ngazi nilikuwa nazipanda, na kutembea nilikuwa nimekuzoea. Lililonishinda ni kukuna nazi. Ilikuwa Ijumaa, nimekaa juu ya mbuzi uani kama nilivyokaa tangu nikiwa na miaka minane, nusu ya nazi mkononi, na nilipoinama kuanza kukuna nilihisi kitu mfano wa kisu kikipita kwenye kinena cha kulia. Nilibaki nimeinama vilevile, kuendelea siwezi na kuinuka siwezi, hadi mtoto wa dada yangu alipotoka jikoni kuniuliza, "Mama mdogo, tui bado?"

Wakati huo nilikuwa na miaka 48. Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Tanga, na kwa miaka 11 nimekuwa katika kikundi cha jogging kinachotoka alfajiri ya Jumamosi na Jumapili, kupita Bombo hadi Raskazone, na kurudi kabla jua halijawa kali. Nilianza kwa ajili ya shinikizo la damu, nikaendelea kwa sababu nilipenda. Mwaka ule tulikubaliana watu sita kwenda Moshi kukimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro Marathon, kilomita 21, ile inayopanda barabara ya Mweka kabla ya kugeuka kuteremkia mjini. Tanga ni tambarare, kwa hiyo mara nne tulipanda basi hadi Mombo na kukimbia kipande cha barabara ya Lushoto kuelekea Soni. Anayekimbia mlimani hunyanyua goti juu zaidi kuliko anayekimbia tambarare, na kila goti linaponyanyuka hivyo, shingo ya mfupa wa paja husogea kuukaribia ukingo wa kikombe cha nyonga. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Nilichokijua miezi miwili kabla ya ile Ijumaa ni kwamba nikinyanyua mguu kupanda daladala, kuna kitu ndani kinanasa, halafu kinaachia.

Baada ya ile Ijumaa nilipoteza miezi mitano, na sehemu kubwa ya kosa ni yangu. Wengi wetu tukisema "nyonga" hupiga mkono pembeni, pale pa kufungia kanga, au nyuma kwenye makalio. Kiungo chenyewe kiko ndani zaidi, na kinapoumia maumivu hutokea mbele, kwenye kinena, mengine yakashuka pajani. Wako hata watu wanaotibiwa goti kwa miezi ilhali ugonjwa uko nyongani, kwa kuwa baadhi ya mishipa ya fahamu inayohudumia viungo hivyo viwili ni ileile. Sasa, kinena si mahali ambapo mwanamke wa makamo, mwalimu, aliyevaa baibui, huonyesha kwa kidole mbele ya daktari kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake wa juzi. Aliponiuliza panapouma nilisema, "Kiuno," nikageuza macho dirishani. Alinipima kiuno. Picha ya eksirei ya mgongo ilionyesha pingili zilizolika kidogo, jambo ambalo kwa umri wangu huonekana hata kwa wasioumwa chochote, nikapewa vidonge vya maumivu, diklofenaki, na mkanda wa kiuno. Sina kinyongo naye. Alitibu kile nilichomwambia.

Vidonge vilipoisha nilijinunulia vingine dukani, na vingine tena, wiki sita mfululizo bila kumwuliza mtu, mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Dawa za jamii ile zikitumiwa muda mrefu huumiza tumbo na figo, na mtu mwenye shinikizo la damu kama mimi alipaswa kuziogopa zaidi. Katika ofisi ya walimu uamuzi ulikuwa umeshapita kwamba ni baridi yabisi. Bibi mmoja wa Ngamiani alinikanda kwa mafuta ya nazi Alhamisi tatu, na nisimdhulumu, kila nikitoka kwake misuli ya paja ilikuwa imelegea na usiku ule nililala. Asubuhi kisu kilikuwa palepale.

Ilibidi niende Dar es Salaam ili nikutane na daktari wa mifupa ambaye, kwa bahati yangu, alikuwa mwanamama wa rika langu. Hakuniuliza panauma wapi. Alisema, "Mwalimu, hebu nishikie hapo panapouma," na mkono wangu ukaenda wenyewe: kidole gumba nyuma, vidole vingine mbele kinenani, kiganja kimeikumbatia nyonga kwa ubavuni. Alitabasamu kabla sijasema neno. Mkono ukikaa hivyo, huandika herufi C, na madaktari wa mifupa wanaijua sana alama hiyo, kwa kuwa mtu mwenye maumivu ya ndani ya kiungo hujaribu kukishika kutoka pande mbili kama anayeshika embe. Kisha akanilaza, akalikunja goti langu hadi karibu na kifua, akalipeleka upande wa pili na kuuzungusha mguu kwa ndani. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika kwenye foleni.

Eksirei, safari hii ya nyonga, na baadaye MRI, zilionyesha mambo mawili. La kwanza ni kinundu kwenye shingo ya mfupa wa paja, pale kichwa cha mviringo kinapokutana na shingo. Huenda ninacho tangu ujana. La pili ni kuchanika kwa pete ya gegedu inayozunguka ukingo wa kikombe. Daktari alinieleza kazi ya pete hiyo kwa mfano wa mpira wa mfuniko wa presha kuka: inaziba, inashikilia majimaji ya kiungo yasitawanyike, na inakifanya kichwa cha mfupa kikae imara kikombeni. Kinundu kikigonga ukingo mara elfu kwa mara elfu, mpira huo huchakaa na kuchanika, na kwa kuwa damu inayoufikia ni kidogo, haujiungi kama ngozi iliyokatwa. Mgongano huu wa mifupa ulipata maelezo yake kamili kwenye karatasi ya mwaka 2003 ya daktari wa upasuaji wa Bern, Uswisi, Reinhold Ganz, pamoja na wenzake. Maana yake ni kwamba nilipokuwa nasoma chuo cha ualimu, hata daktari mzuri asingekuwa na jina la kuniambia.

Nilitaka kujua ni lini mpira huo wa nyonga utashonwa. Daktari akanijibu kwa jambo lililoniudhi siku ile na kunisaidia baadaye. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa watu 45 wasio na maumivu yoyote ya nyonga, waliopigwa picha za MRI, na asilimia 69 walikutwa na pete iliyochanika. "Kwa hiyo siwezi kukuapia," akasema, "kwamba hicho kinachoonekana kwenye picha ndicho chote kinachokuuma." Akaniambia pia kuhusu jaribio la Uingereza lililotolewa mwaka 2018, lenye wagonjwa 348 wa mgongano huu, nusu wakifanyiwa upasuaji wa matundu kwa kamera na nusu wakipewa mazoezi tiba. Makundi yote mawili yalipata nafuu ndani ya mwaka mmoja, lililofanyiwa upasuaji likapata zaidi kidogo. Gegedu linalofunika mifupa yenyewe ya kiungo changu lilikuwa bado zima. Kwake yeye hiyo ilitosha kunipa miezi minne ya mazoezi kabla ya kuzungumzia kisu, na ikiwa siku moja kiungo chenyewe kitalika, yapo mambo ya kubadilisha nyonga, ambayo yamekuwepo tangu daktari wa upasuaji John Charnley alipoyaweka sawa kule Uingereza mwaka 1962. Nilimkumbusha Andy Murray, mcheza tenisi aliyevalishwa kofia ya chuma kwenye nyonga mwezi Januari 2019 na kutwaa ubingwa wa Antwerp Oktoba ya mwaka huohuo. Alicheka. Kijana yule ana mtu wa kumnyoosha misuli asubuhi na jioni. Mimi nina kidato cha pili mikondo mitatu.

Mazoezi yenyewe sitayaeleza moja moja, kwa kuwa kila nyonga hupangiwa yake. Yangu yalikuwa ya kuchosha kwa jinsi yalivyokuwa madogo: kulala chali na kuinua kiuno mpaka mwili uwe daraja, kulala ubavu na kunyanyua mguu taratibu, kusimama mguu mmoja mbele ya kioo cha kabati. Hilo la kioo lilinifundisha zaidi ya picha zote. Nikisimama kwa mguu wa kulia, upande wa kushoto wa kiuno ulikuwa unazama, kanga inapinda, kwa sababu msuli wa pembeni ya makalio ya kulia ulikuwa umechoka kushikilia. Jambo hili lina jina la Mjerumani Trendelenburg, aliyelieleza mwaka 1895. Hesabu yake mwalimu yeyote wa shule anaweza kuichora ubaoni: ukisimama kwa mguu mmoja nyonga ni kama jiwe la katikati ya pembea ya ubao, mwili wako mzima uko upande mmoja, na msuli huo mdogo unavuta upande wa pili ukiwa karibu zaidi na jiwe. Hivyo lazima msuli uvute kwa nguvu inayozidi uzito wako, na jiwe hubeba vyote viwili. Ndiyo maana hata katika kutembea kwa kawaida nyonga hubebeshwa zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili.

Kutoka hapo nikaelewa suala la fimbo. Miezi ya kwanza nilitembelea bakora ya marehemu baba, na niliishika mkono wa kushoto, upande mzima, kama nilivyoelekezwa na fizio, mtaalamu wa mazoezi tiba. Sijui nilisimamishwa mara ngapi njiani. "Mwalimu, fimbo umeshika siko!" Wauza samaki, makondakta, mzee mmoja wa msikitini aliyenishika mkono kabisa ili anisahihishe. Nilikuwa nawaeleza mwanzoni. Fimbo ikiwa upande wa pili iko mbali na jiwe la pembea, kwa hiyo nguvu kidogo ya mkono humpunguzia msuli kazi kubwa, lakini ikiwa upande uleule unaouma mtu huishia kuyumba tu. Baadaye niliacha kueleza nikawa nasema "ahsante" na kuendelea. Ndoo nayo ina siri yake ya ajabu: kama ni lazima ubebe ndoo moja ya maji kwa mkono, ibebe upande wa nyonga mbovu, maana huko husaidia kusawazisha, wakati upande mzima huongeza mzigo. Mwili wangu ulikuwa unataka kufanya kinyume kila siku.

Hata hivyo, si fimbo wala kioo kilichokuwa kigumu kuliko vyote. Karatasi ya maelekezo niliyopewa ilisema niepuke kukaa mahali ambapo magoti yanazidi nyonga kwa urefu, nisiiname mbele nikiwa nimekaa, nisichutame. Aliyeiandika karatasi ile alikuwa na nyumba yenye viti machoni mwake. Nilirudi Tanga nikaizunguka nyumba yetu kama mgeni, nikaona kwamba kila kitu ndani yake kiko chini. Mbuzi, kimo cha shubiri moja na nusu. Kigoda cha kuoshea vyombo. Jiko la mkaa uani. Mkeka wa kulia chakula siku za wageni. Msala. Choo cha kuchutama, cha nyumbani na cha shuleni pia, chenye milango minne na walimu wanawake kumi na saba. Nyonga ya mtu wa pwani hukunjwa hadi mwisho mara nyingi kabla ya adhuhuri, na hakuna anayehesabu kuwa hayo ni mazoezi, wala ulemavu akishindwa.

Choo cha nyumbani kilikuwa rahisi: kiti cha plastiki, msumeno, tundu katikati, na sandpepa ili kingo zisichubue. Cha shuleni sikupata dawa yake. Kwa muhula mzima nilikuwa sinywi maji hadi saa nane mchana, na kwa joto la Tanga hiyo ni akili mbovu, lakini ndiyo niliyokuwa nayo, mpaka mwalimu mwenzangu wa afya alipogundua na kumwomba mkuu wa shule tufungiwe kishikizo cha bomba ukutani. Kishikizo tu. Mikono ikibeba nusu ya uzito, mtu anaweza kuteremka nusu na kupanda bila kulia. Sasa wanakitumia wajawazito na mwalimu mwenye magoti, na nadhani hakuna anayekumbuka kiliwekwa kwa ajili ya nani.

Sala iliniuma kwa namna nyingine. Sijda ilinikunja nyonga kuliko mbuzi, na kikao cha tahiyatu kilinifanya nisahau ninachosoma. Nilikwenda kumwuliza sheikh wa mtaani kwetu, nikiwa nusu natumaini ataniambia nivumilie. Alinikumbusha Imran bin Huswain, sahaba aliyekuwa akiugua, ambaye Mtume (s.a.w.) alimwambia asali amesimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Kisha akanifafanulia kwa makini kama anayetengeneza ratiba ya vipindi: kusimama ninaweza, kwa hiyo kisimamo hakijaniondokea, nisimame, rukuu na sijda ndizo nitakazofanya juu ya kiti, na kuinama kwa sijda kuzidi kuinama kwa rukuu. Nilipenda kwamba hakunihurumia. Alinipa hukumu ya kitu ninachoweza na kitu nisichoweza, mstari ukiwa katikati, na tangu siku hiyo nilianza kuufikiria ugonjwa wangu kwa mstari uleule.

Misibani ndiko nilikoona haya kwelikweli. Wanawake wote mkekani, bibi wa miaka themanini amekunja miguu kama binti, na mimi wa miaka 48 nimesimama mlangoni natafuta kiti kwa macho. Kukaa juu huku wakubwa zako wako chini si jambo dogo kwetu. Katika hitima moja nilijilazimisha kukaa, na wakati wa kuondoka ilibidi nigeuke nishike mikono na magoti ili ninyanyuke. Bibi aliyekuwa karibu yangu aliniangalia mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, kiti kiko pale tangu mwanzo. Tulikuwa tunakungoja wewe." Kipo kiti cha plastiki chekundu ambacho sasa hutangulia kabla yangu kila penye msiba mtaani, na nimekikubali.

Mbuzi nilimpeleka kwa fundi seremala. Nilimwomba afungue ulimi wa chuma, aufunge kwenye benchi refu la kimo cha meza, ili nikune nimesimama, benchi likiwa limewekewa jiwe chini lisitikisike. Fundi alinitazama, akamtazama mbuzi, akauliza kama ninataka kufungua kiwanda. Alichukua siku tatu kulitengeneza, la kwanza likayumba, la pili likawa refu mno hata nazi ikawa inarukia usoni, la tatu likakaa sawa. Mkunaji akiwa amesimama, mikono ndiyo inayofanya kazi yote, kwa kuwa huwezi tena kusukuma kwa uzito wa kifua, na nazi mbili zilinitoa jasho. Lakini nilizikuna.

Kukimbia kulirudi mwisho wa yote, na si kote. Kabla yake nilipewa bahari. Mtu akisimama majini hadi kiunoni, maji humbebea karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo nilikuwa naangalia majedwali ya maji kujaa na kupwa kuliko nilivyoangalia ratiba ya shule, nikienda kutembea kando ya ufuko wakati maji yamejaa, nguo zote mwilini, nikirudi na kugeuka. Siku za bamvua maji yalikuwa yakikimbia mbali yakaniacha na matope; siku za maji mafu ndizo zilizonifaa. Mwezi wa saba tangu kutoka Dar nikaanza barabarani: dakika moja kukimbia, dakika nne kutembea, mara sita. Kanuni niliyopewa ni kwamba maumivu yasizidi tatu kwa kumi wakati wa kukimbia, na asubuhi inayofuata yawe yamerudi pale yalipokuwa. Mara mbili sikuitii, na mara mbili nililipa kwa wiki nzima ya kuchechemea. Hatua nimezifupisha, zimekuwa nyingi na ndogo, na wenzangu husema nakimbia kama mtu anayewahi daladala bila kutaka ionekane.

Wale watano walikwenda Moshi. Nilikasirika zaidi ya nilivyowaambia, na nilipoona picha zao barabara ya Mweka nilizima simu mpaka Jumatatu. Leo nina miaka 51. Nakimbia kilomita tano au sita, tambarare tupu, siku mbili kwa wiki, na kwenye kilima cha aina yoyote natembea hata kama kuna watu wanaangalia. Kinundu kipo, pete imechanika vilevile, na zipo asubuhi ambazo kisu hupita nikivaa kiatu cha kulia, ndipo hujua kwamba jana nilikaa sana kwenye kiti cha chini cha gari la mtu. Upasuaji hatujauzungumza tena kwa mwaka mmoja na nusu, ingawa daktari hajaufuta.

Mwezi uliopita dada yangu alikuja likizo kutoka Korogwe, akakuna nazi kwenye benchi langu siku mbili, akaniomba nimtengenezee lake, kwani magoti yake nayo yameanza. Nilikwenda kwa fundi. Nje ya karakana yake nilikuta mabenchi matatu ya namna ileile yamepangwa, ndimi za mbuzi zimeshafungwa, moja limepakwa na vanishi. Nikamwuliza bei. Akaniambia, bila hata aibu, kwamba imepanda.